Waridi la Naivasha ndani ya darasa la uhusiano wa kimataifa

Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula, naligawa darasa la mwaka wa kwanza mafungu mawili. Waliokaa dirishani wanakuwa Kenya, waliokaa mlangoni wanakuwa Tanzania. Wote nawapa karatasi ileile: muhtasari wa Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ule ambao majadiliano yake yalikamilika Oktoba 2014. Swali ni fupi. Mnasaini au hamsaini? Nawapa nusu saa.

Wa mlangoni huanza na hotuba: ukoloni mamboleo, mkutano wa Berlin, Wazungu hawajawahi kututakia mema. Wa dirishani nao hujibu kwa hotuba yao, utandawazi, fursa, ajira kwa vijana, mpaka darasa la pili wanatugongea ukuta. Nusu saa ikiisha huwa sijasikia hata mmoja akiuliza: kwani sisi tunauza nini kule, na leo hii tunatozwa ushuru kiasi gani?

Basi tunaanza na hilo.

Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unaruhusu bidhaa za nchi zenye maendeleo duni ziingie sokoni kwake bila ushuru na bila ukomo wa kiasi, isipokuwa silaha. Nani ana maendeleo duni? Hiyo si lugha ya kejeli, ni orodha rasmi ya Umoja wa Mataifa, ilianza 1971 na ina vigezo vyake: kipato, afya na elimu ya watu, na jinsi uchumi unavyoyumba ukipigwa na dhoruba. Tanzania imo. Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Kenya haimo. Hata sasa Jumuiya ina wanachama 8, ni Kenya peke yake iliyo nje ya orodha hiyo.

Maana yake ni kwamba kahawa ya Moshi na minofu ya sangara ya Mwanza iliingia Ulaya bure, mkataba usainiwe usisainiwe. Kenya ilikuwa inaingia kwa utaratibu wa muda, na utaratibu huo ukaondolewa tarehe 1 Oktoba 2014. Mpaka wiki ya mwisho ya Desemba, maua ya Kenya yalilipa ushuru Ulaya. Sasa lifikirie waridi lenyewe. Linakatwa Naivasha alfajiri, linaingizwa chumba cha baridi, linapandishwa lori la baridi hadi uwanja wa ndege Nairobi, usiku liko angani kuelekea Uholanzi. Kahawa unaweza kuiweka ghalani ukasubiri bei au siasa itulie. Ua halisubiri mabalozi wamalize kikao.

Kwa upande wetu, mkataba ulitaka Jumuiya ifungue soko kwa zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za Ulaya, taratibu, kwa miaka 25. Yaani Tanzania ingelipia kitu ambacho tayari ilikuwa inapewa. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba 2016, Tanzania ikakataa, na hayati Mzee Mkapa alikuwa miongoni mwa waliopinga hadharani. Mwanafunzi akishaona hivyo hahitaji tena Berlin wala utandawazi. Majirani wawili waliisoma karatasi moja wakajibu tofauti, na wote wawili walikuwa na akili timamu.

Sisemi kwamba tulishinda. Kinachotolewa kwa hisani hakina mkataba, na aliyekupa anaweza kubadili masharti. Halafu orodha yenyewe si ya kudumu: Botswana ilitoka 1994. Katika tathmini ya 2024 Tanzania, Uganda na Rwanda zilifikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka. Zikivifikia tena tathmini ijayo, safari ya kuondoka inaanza, na siku moja sangara wa Mwanza atasimama pale lilipokuwa limesimama waridi la Naivasha. Nilipolisema hili mwaka jana, kijana mmoja wa mlangoni alinyoosha mkono akauliza kama anaruhusiwa kuhamia dirishani.

Kuna fundo jingine. Umoja wa Forodha wetu unafanya kazi tangu 2005, na maana ya umoja wa forodha ni kwamba bidhaa ya nje inatozwa ushuru uleule ipite Mombasa au Dar: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa iliyokamilika, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya 35. Kenya ikipunguza peke yake kwa ajili ya Ulaya, ukuta umetoboka. Ndiyo maana suala lilikwama miaka, hadi wakuu wa nchi walipokubaliana Februari 2021 kwamba aliye tayari atangulie. Kenya ikasaini mkataba wa kwake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024.

Tundu hilo linazibwa na karatasi inayodharauliwa kuliko zote, cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi. Naijua vizuri kwa sababu iliniadhibu.

Nilipomaliza digrii nilipata kazi kwa wakala wa forodha. Nilikuwa najua nadharia za uhalisia na uliberali, namjua mwanauchumi Ricardo na mfano wake wa mvinyo wa Ureno, na tasnifu yangu ilisifiwa. Mwezi wa pili nikapewa lori la sabuni kutoka Nairobi. Sabuni ile inatengenezwa kwa mafuta ya mawese kutoka Malaysia, kwa hiyo swali la forodha ni kama bado ni ya Malaysia au imekuwa ya Kenya. Jibu liko kwenye namba. Kila bidhaa duniani ina namba ya forodha, na tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa karibu kila nchi. Mawese yanaingia kiwandani yakiwa 1511, sabuni inatoka ikiwa 3401. Imebadilika kiasi cha kutosha, imepata uraia wa Afrika Mashariki, inapita bila ushuru. Hayo yote nilikuwa sawa.

Nilichokosea ni kutoilinganisha namba ya ankara iliyoandikwa kwenye cheti na ankara yenyewe. Cheti kilitaja ankara ya mzigo uliotangulia. Lori lililala Namanga siku tatu. Mwenye mali alinipigia simu, mama mtu mzima, wala hakupaza sauti: "Mwanangu, si uliniambia wewe umesomea mambo haya?" Nilijibu ndiyo, mama. "Basi nieleze mimi nisiyesoma, sabuni yangu ina kosa gani?"

Ninaposikia watu wakisema kozi hii ni ya maneno matupu, namkumbuka mama yule.

Mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi hunipigia: "Mwalimu, huyu akimaliza atakuwa balozi?" Balozi huteuliwa na rais, nawaambia, hakuna digrii ya ubalozi. Vyuo vipo, kikiwamo kile cha Diplomasia cha Kurasini kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, na wengi wanaotoka humo hawatapeperusha bendera kwenye gari. Wataenda forodha, wizara ya biashara, mabenki, mashirika ya usafirishaji, au watafungua ofisi yao ya kutoa mizigo. Wengine wanakuja kwangu kwa sababu wanakimbia hesabu. Hao ndio hukamatwa na sapu ya uchumi wa kimataifa mwaka wa pili, maana ushuru ni hesabu: unachukua thamani ya mzigo, unaongeza bima na nauli mpaka bandarini, hapo ndipo unapiga asilimia, kisha inakuja VAT juu ya jumla ile pamoja na ushuru, si juu ya bei ya kiwandani. Nusu ya darasa hupiga VAT mapema.

Ya nadharia siyadharau. Ila yasomwe na mkataba mezani. Ibara ya kwanza ya GATT, mkataba mkuu wa ushuru na biashara wa 1947, inasema nafuu uliyompa mwanachama mmoja wape wote, na ibara ya 24 inatoa ruhusa ya kuvunja kanuni hiyo kwa jumuiya kama yetu. Ukurasa mmoja wa ibara hizo, ukisomwa neno kwa neno, unafundisha kuliko madesa ya muhula mzima, na huwa nawasomesha kwa sauti kama darasa la tatu. Wanachukia.

Muhula ujao nabadilisha karatasi. Nataka kutumia robota la mitumba: Jumuiya ilivyokubaliana 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ilivyotishia kufuta nafuu za AGOA, sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na Rwanda ilivyobaki na uamuzi wake hadi nafuu ya nguo zake ikasitishwa 2018. Mafungu yatakuwa matatu safari hii. Wa mlangoni wataulizwa kwanza mtumba una namba gani ya forodha, na hakuna hotuba hadi waitaje: 6309.