Mdukuzi si jina lingine la mwizi

Pale Kondele, Kisumu, mtu akipoteza pesa za simu utasikia: "Wadukuzi wamemmaliza." Mara nyingi hakuna aliyedukua chochote. Kapigiwa simu na sauti tamu, kaambiwa pesa zimetumwa kwake kimakosa, naye akazirudisha bila kuangalia salio. Huo ni utapeli wa mdomo tu.

Kudukua ni kupenya mfumo wa kompyuta, aghalabu kupitia kasoro ambayo mwenyewe hakuiona. Ujuzi ni uleule kwa anayeiba na kwa anayelipwa na benki aijaribu milango yake kabla mwizi hajafika. Kinachowatenga ni ruhusa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia bila idhini: faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo wewe kijana unayetaka "kusaidia" tu, omba kwanza.

Na wapo walio pande zote mbili. Marcus Hutchins wa Uingereza alikwamisha WannaCry, virusi vya kompyuta vilivyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, Mei 2017 kwa kusajili anwani moja tu ya intaneti. Agosti akakamatwa Marekani kwa programu ya kuibia wateja wa benki aliyoiunda miaka ya nyuma. Mwaka 2019 akakiri.