Ripoti ya dohani: haya maneno yana maana gani kabla hujawasha moto

Baridi ikianza hapa Minnesota, Marekani, simu yangu haipumziki. Mtu amenunua nyumba, wengi ni watu wetu wa kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, amepewa ripoti ya ukaguzi yenye kurasa kibao na katikati kuna ukurasa wa dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ambao hauelewi hata kidogo, anaupiga picha ananitumia WhatsApp, "ndugu yangu hii ina maana dohani ni nzima au mbovu?" Kazi yangu mimi ni elimu ya usalama wa moto na kila mara namjibu hivi, kwanza tafuta kwenye hiyo ripoti mkaguzi aliangalia wapi, na wapi hakufika.

Kwa sababu yule inspekta wa nyumba anayekagua paa, mabomba, umeme na kila kitu kwa siku moja, kwa kawaida hachunguzi ndani ya dohani. Anachungulia na tochi pale chini, anaitazama kwa nje, basi, na kanuni za kazi yake zinamruhusu kuishia hapo. Akiandika "sehemu zinazoonekana ziko sawa" hajadanganya, ila sehemu inayochoma nyumba mara nyingi ni ile isiyoonekana. Na akiandika "napendekeza ukaguzi wa levo 2" tafadhali usiruke hiyo sentensi ukidhani ni njama za kukuchomoa hela.

Hizo levo ndio zinachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Zinatoka kwenye kiwango cha Marekani cha usalama wa dohani kinachoitwa NFPA 211 na ziko tatu, na SIO gredi za ubovu. Nimeongea na baba mmoja alisoma levo 1 akafurahi kama mtoto wake amepata divisheni wani, kumbe levo inasema tu fundi aliangalia kwa kina gani. Levo 1 ni ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka, kwa dohani inayoendelea kutumika vilevile kama zamani, fundi anaangalia panapofikika kirahisi bila kufungua vitu. Levo 2 inaongeza kamera inayopitishwa ndani ya bomba juu mpaka chini, pia anaingia darini na beizimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, pale dohani inapopita, na hii ndiyo inayotakiwa nyumba inapouzwa, au ukibadilisha aina ya jiko au nishati, au baada ya moto wa dohani au dhoruba kali. Levo 3 ni pale kuna dalili ya hatari iliyojificha na lazima ukuta au sehemu ya dohani ibomolewe ndio ionekane. Kwa hiyo mtu anayenunua nyumba leo akionyeshwa karatasi ya levo 1 ajue bado.

Sasa neno lenyewe kubwa, kreosoti. Waliolelewa kwenye jiko la mafiga wanajua masizi yanavyoning'inia darini, meusi, mengine yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kreosoti ni ndugu yake huyo. Moshi wa kuni ukipanda kwenye bomba la baridi unapoa kabla haujatoka, ule utomvu na mvuke wake unaganda kwenye kuta za ndani, na tofauti na masizi ya nyumbani huku umegandia ndani ya bomba jembamba ambalo kila siku unalipitishia joto. Ripoti itasema hatua ya 1, 2 au 3. Ya kwanza ni vumbi vumbi, brashi inatoa. Ya pili ni magamba meusi magumu, bado yanatoka kwa kazi zaidi. Ya tatu imekuwa kama lami iliyomwagwa ikakauka, inang'aa, brashi haifui dafu, inahitaji dawa maalum au vifaa vya kukwangua, na ndiyo kuni nzuri kabisa ya moto wa dohani, ambao unaweza kufika nyuzi 1,100 za sentigredi hivi. Wengine wanausikia ukinguruma kama treni, lakini upo pia unaoungua taratibu kimya kimya na mwenye nyumba asijue, mpaka fundi aje akute laina, yaani bomba la ndani ya dohani, imepasuka. Utando ukifika unene wa milimita 3 hivi safisha. Na usichome kuni mbichi, kuni iwe na unyevu chini ya asilimia 20, kile kipimo cha unyevu kinauzwa bei ndogo tu madukani.

Laina niliyoitaja ni lile bomba la ndani ya tofali, la udongo wa kuchoma au la chuma cha pua. Kazi yake ni kuzuia joto na gesi visifike kwenye mbao za nyumba. Ukisoma laina ina ufa, imeachana kwenye maungio au haipo, usiwashe, hata kidogo tu kwa ajili ya wageni usiwashe. Sambamba na hilo kuna neno klirensi, yaani nafasi kati ya dohani na mbao, kwa dohani ya tofali iliyo ndani ya nyumba ni inchi 2, na hiyo nafasi inatakiwa ibaki wazi, isijazwe vitu.

Dampa ni kile kifuniko cha chuma juu ya mahali pa moto. Ikiandikwa ina kutu au haifunguki yote ni lazima irekebishwe, maana moshi utarudi sebuleni, na pamoja na moshi inarudi kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Usiifunge makaa yakiwa bado mekundu. Na hapa naomba sana, usichome mkaa humo, wala usiingize jiko la mkaa ndani kwa kisingizio kwamba kuna dohani. Mkaa unatoa hiyo gesi kwa wingi na dohani haiwezi kukuhakikishia kwamba itaivuta yote. Weka kengele ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala.

Maneno ya nje ni mepesi. Krauni ni kile kipande cha zege juu kabisa, kofia ni ile ya chuma inayozuia mvua na ndege, flashingi ni bati linaloziba pale dohani inapokutana na paa. Spolingi ni uso wa tofali kubanduka kwa sababu maji yaliingia yakaganda kuwa barafu, na ule unga mweupe ukutani ni chumvi, watu wa pwani wanaujua vizuri, inaonyesha maji yanapita. Yote haya ni mlango wa maji na ukichelewa bili inakuwa kubwa, ila ukiwa na hela ya kitu kimoja tu anza na laina.

Fundi akimaliza levo 2 muombe ile video ya kamera, sio karatasi peke yake. Ihifadhi, mwakani akija mwingine mnalinganisha ufa ule ule kama umekua.