Ndege ya kuunda nyumbani nayo hukaguliwa

Kuna imani ya siku nyingi kwamba Marekani mtu hununua vipande vya ndege, akaviunga gerejini, akaruka bila kuulizwa na yeyote. Si hivyo.

Kazi yenyewe huchukua miaka. Kwenye ndege za alumini kama RV za kampuni ya Van's, kila tundu husuguliwa kingo zake hadi ukipitisha kidole hakikwami, ndipo ribiti, kipini cha chuma kinachounganisha mabati, ipigwe. Ukwaruzo mdogo ukiachwa unaweza kuwa mwanzo wa ufa, na ribiti zenyewe ni maelfu! Ndiyo maana mjenzi hutunza daftari na picha za kila hatua: bawa likishafungwa, ndani hakuonekani tena.

Sheria inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Kisha mkaguzi wa mamlaka ya anga, FAA, au aliyeidhinishwa nayo, huikagua ndege kabla ya kutoa cheti. Hufuata majaribio ya kuruka, kwa kawaida saa 25 au 40, katika eneo lililopangwa, bila abiria. Hata baadaye, ndani hubaki bango la kumwambia abiria kwamba ndege hii imejengwa na mtu binafsi.