Faili la mtandaoni si huduma ya data

Hapa Bagamoyo, ambako utafiti wa malaria ni kazi ya kila siku, nimechoka kusikia vikaoni: "Data zetu sasa ni huduma ya mtandaoni." Ukifungua kiungo unakuta PDF ya majedwali yaliyoskaniwa.

Maana ya huduma ya data kwa kifupi: data au programu ya kukokotoa inakaa kwenye seva ya mwenyewe, kompyuta ya mtu mwingine inaiuliza kupitia intaneti, na jibu linarudi kwa mpangilio uliokubaliwa. Mwanasayansi wa kompyuta Ian Foster aliifafanua dhana hii katika jarida la Science mwaka 2005.

Mfano ni BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano ya DNA, ya NCBI, kituo cha taifa cha taarifa za bioteknolojia cha Marekani. Mtafiti aliye Bagamoyo anabandika kipande cha mfuatano wa DNA ya kimelea, kinalinganishwa na hazina ya mifuatano iliyoko kulekule, naye anarudishiwa orodha ya inayofanana nacho. Hakupakua hazina nzima wala hakununua kompyuta kubwa. Programu yake nayo inaweza kuuliza hivyohivyo, yeye akiwa amelala.

Faili humwachia mpokeaji kazi yote. Safu imeandikwa "tarehe", ndani kuna 3/4. Ni Aprili 3 au Machi 4? Mtu atapiga simu aulize. Programu itachukua mojawapo na kuendelea, na kosa litaingia kwenye matokeo kimyakimya. Mtoa huduma hana budi kuyamaliza hayo mapema, na kuhakikisha swali la leo likiulizwa mwakani litajibiwa kwa mpangilio uleule.

Halafu kuna wanaokataa kushiriki kwa hofu ya kuporwa. Hofu hiyo ina msingi, ila inahusu faili: likishatoka, limetoka. Kwa huduma, rekodi za wagonjwa zinaweza kubaki hapahapa, ikatoka jumla iliyoulizwa tu, na mwenye data akaona nani kauliza nini. Hata jumla inahitaji ulinzi, maana kijiji chenye mgonjwa mmoja kinamtambulisha. Lakini uamuzi unabaki mikononi mwetu, na hilo kwangu ni kubwa kuliko kasi au urahisi wowote.

Basi ndugu zangu, mkiweka faili semeni mmeweka faili; ni jambo jema, na wengi hawajafika hata hapo. Huduma tuiite siku programu ya mtafiti wa Tanga itakapouliza idadi ya wagonjwa wa msimu wa masika na kujibiwa bila yeyote kupigiwa simu.