"Mwalimu, huyu si apelekwe shule yao?"

Hiyo kauli naisikia sana kwenye vikao vya wazazi huku Arusha na kila mara inaniuma, maana anayeitoa kwa kawaida si mtu mbaya, ni mzazi tu anaamini mtoto mwenye ulemavu ana "shule yao" sehemu fulani. Ukweli ni kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema mtoto huyo asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Yani shule yao ni hii hii yetu.

Alafu kuna wanaosema ujumuishi, yani watoto wote kusoma pamoja, unataka mamilioni. Jamani. Nilikuwa na mtoto wa la tatu mwenye ualbino, akikopi ubaoni anaruka mistari, daftari lote vurugu, na nilivyolipokea darasa nikaambiwa huyo ni mzito usijisumbue. Siku moja nikachuchumaa pembeni ya dawati lake nikaona pua inakaribia kugusa daftari na macho yanachezacheza hayatulii. Ualbino unakuja na uoni hafifu, na miwani inasaidia ila haimalizi tatizo. Nikamleta mbele, mbali na dirisha kwasababu mwanga mkali unamuumiza, nikaanza kusoma kwa sauti kila ninachoandika ubaoni, na kofia nikamruhusu avae hata kwenye mstari wa asubuhi. Hela niliyotoa ni sifuri. Hata Baraza la Mitihani lina karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada kwa watoto kama yeye, ila shule lazima itoe taarifa mapema na hapo ndo tunapowaangusha.

"Elimu ni bure, wote wako sawa." Hapana. Ada na michango ya lazima iliondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na 2022 ikafika kidato cha sita, na mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula bado ni kwa mzazi. Mtoto ambaye hajala toka jana, ikifika saa nne ameshalaza kichwa kwenye dawati, sasa hapo unamlinganishaje na aliyekunywa chai na maandazi?

Binti aliyejifungua kurudi shule? Ruksa, ipo kwenye waraka wa serikali wa 2021, wazazi wengi hawajui tu na wengine wanajua ila wanaona aibu.

Dhana inayonikera kuliko zote ni ya sisi walimu wenyewe, kwamba mtoto akinyamaza basi hajui kitu. Kuna watoto wanakuja la kwanza kutoka boma za upande wa Ngaramtoni, nyumbani wanaongea Kimaasai tu, Kiswahili wanakutana nacho darasani. Mmoja alikaa karibu mwezi mzima hajajibu swali hata moja la hesabu. Nikamuomba dada wa la tano, anayeijua lugha yao, amwambie ahesabu kwa lugha ya nyumbani. Akaanza polepole, nabo, are, uni, anakunja kidole kimoja kimoja, akafika kumi hajakosea hata sehemu moja, alafu akaniangalia kama ananiuliza niendelee?