Kwa nini vilima vya theluji hulitafuta goti?

Siku ukikutana na mashindano ya moguli kwenye runinga, mchezo wa kushuka mlima wenye matuta ya theluji kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, fanya jaribio hili. Ziba nusu ya chini ya picha kwa kiganja, umtazame mchezaji kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Utamwona mtu ametulia tuli. Kichwa kinashuka mlima kana kwamba kimewekwa kwenye reli, mikono iko mbele kama ya mtu aliyebeba sinia lenye vikombe vilivyojaa. Sasa hamisha kiganja, uzibe nusu ya juu. Loo! Magoti yanarushwa kuelekea kifuani, yananyooka, yanarushwa tena, karibu mara tatu kwa kila sekunde. Huwezi kuamini kwamba ni mwili mmoja.

Utulivu ule wa juu una gharama, na mlipaji ni goti. Lakini ukiuliza linaharibiwa na nini hasa, wengi watakujibu "yale matuta", na jibu hilo ni nusu tu ya habari.

Kwanza, matuta yenyewe. Moguli ni vilima vidogo vya theluji vilivyojipanga kwenye mteremko mkali, na inaaminika kwamba jina limetokana na neno Mugel la Kijerumani cha Austria na Bavaria, yaani kilima kidogo. Yale ya mashindano huchongwa na kupangwa, lakini kwenye miteremko ya kawaida hakuna anayeyajenga. Mtu anayeteleza akikata kona, skii zake hukwangua theluji na kuisukuma pembeni. Anayemfuata huona palepale pana njia, naye akakata kona hapohapo. Wakipita mia kadhaa, mteremko uliokuwa laini asubuhi umeota chunusi.

Na je, wajua kwamba matuta hayo hupanda mlima? Katika eneo la Winter Park, jimbo la Colorado, Marekani, watafiti waliyapiga picha msimu mzima na kukuta yanasogea juu kwa takribani sentimita 8 kwa siku, hata msimu ukiisha yamehama kama mita 10. Sababu yake ni nyepesi ukishaelezwa. Skii hukwangua upande wa chini wa tuta, na theluji inayokwanguliwa inaangukia upande wa juu wa tuta linalofuata. Kila tuta basi linaliwa mgongoni na kulishwa usoni. Watu wanashuka, matuta yanapanda.

Mchezo huu uliingia Olimpiki kama maonyesho tu mwaka 1988 huko Calgary, Kanada, kisha ukapewa medali mwaka 1992 kule Albertville, Ufaransa, ambako Edgar Grospiron wa Ufaransa na Donna Weinbrecht wa Marekani walichukua dhahabu za kwanza. Kwa michezo ya 2026 uliongezwa mtindo wa wawili kushindana bega kwa bega. Kinachonivutia zaidi ni hesabu ya alama. Kasi ni asilimia 20, miruko miwili iliyomo njiani ni asilimia 20, na asilimia 60 yote iliyobaki ni ya namna mchezaji anavyozikata kona na kuyameza matuta. Ndiyo maana utaona wengi wameshona vitambaa vya rangi tofauti magotini mwa suruali. Wanataka majaji wayaone magoti vizuri. Sijui mchezo mwingine ambao goti hutangazwa hivyo.

Sasa tulitazame tuta moja polepole, ingawa kwa mchezaji bora kitu chote hiki huisha katika theluthi ya sekunde. Skii zinafika kwenye uso wa tuta. Ardhi inapanda ghafla, nayo miguu inapaswa kupanda nayo bila kuubeba mwili. Hivyo magoti na nyonga vinakunjika, mapaja yanakaribia tumbo, huku fimbo iliyo mkononi ikiguswa mbele kidogo kwenye theluji kama mtu anayeweka alama ya mahali pa kugeukia. Kwenye kilele skii zinageuzwa. Kisha ndipo linapokuja jambo ambalo wanaoanza hulisahau. Ncha za skii zinasukumwa chini kufuata mgongo wa tuta, na miguu inanyooshwa ijaze bonde linalofuata. Usiponyoosha miguu bondeni, utafika kwenye tuta lijalo magoti yakiwa tayari yamekunjwa, na huna tena pa kukunja. Mtu wa namna hiyo utamtambua tu: matuta mawili ya kwanza anapita vizuri, la tatu linamrusha, la nne anakaa chini.

Fizikia yake haina maajabu. Mfikirie mtu anayeruka kutoka juu ya ukuta mfupi. Akitua miguu imekakamaa, mwili wake unasimamishwa ndani ya sentimita chache na pigo lote linapanda mifupani. Akikunja magoti na nyonga, mwili uleule unasimama ndani ya sentimita 40. Umbali wa kusimama ukiongezeka mara 10, nguvu ya wastani ya kuusimamisha hupungua mara 10. Ujuzi wote wa moguli, ukiuvua mapambo, ni huo wa kununua sentimita.

Lakini anayezinunua ni nani? Unapotembea pekupeku, kifundo cha mguu, goti na nyonga hugawana kazi. Ndani ya buti ngumu la skii, kifundo kimefungwa na kimebakiziwa mwendo mdogo tu, kwa hiyo sehemu yake ya kazi huhamia juu. Misuli minne ya mbele ya paja ndiyo inayofunga breki. Inavuta huku yenyewe ikirefushwa, kama mtu anayeshusha ndoo nzito kwa kamba na kuizuia isiporomoke. Kamba hiyo hupita juu ya pia ya goti, ambayo hufanya kazi ya kapi, na kadiri goti linavyokunjwa ndivyo pia inavyogandamizwa kwenye mfupa wa paja. Inakadiriwa kwamba kushuka ngazi tu huibana pia kwa nguvu ya karibu mara 3 ya uzito wa mwili, na kuchuchumaa hadi chini huweza kufika mara 7. Hapo hujavaa skii, na hakuna mlima unaokuja kwa kasi.

Ukisoma hadi hapa utadhani nimeshatoa hukumu. Bado. Kati ya mifupa ya goti kuna gegedu, ule utando mweupe unaoteleza kuliko barafu. Gegedu haina mishipa ya damu. Hula kama sponji: ikibanwa hutoa maji, ikiachiwa hunyonya ute wa kiungo wenye virutubisho. Mwendo na mzigo wa kiasi ndivyo vinavyoilisha. Ndiyo maana watu wanaokimbia kwa kujiburudisha hawaonekani kuugua osteoathraitisi ya goti, yaani kulika kwa gegedu, kuliko wanaokaa tu, na mara nyingi takwimu huwapendelea wakimbiaji. Kwa hiyo goti zima, lenye misuli imara, halimalizwi kwa kukunjwa.

Linamalizwa kwa kuumia. Na hapa kuna kisa cha buti kinachostahili kusimuliwa. Zamani buti zilikuwa laini na fupi, na ajali ya kawaida ilikuwa kuvunjika kifundo au mfupa wa ugokoni. Kuanzia miaka ya 1970, buti za plastiki ngumu na vishikizo vinavyoshika buti kwenye skii na kuiachia mtu akianguka vilipoboreshwa, mivunjiko hiyo ilipungua sana. Kifundo kilipona, ugoko ukapona, goti likabaki uwanjani peke yake. Majeraha mabaya ya ligamenti za goti, yaani kamba zinazounganisha mifupa yake, yaliongezeka.

Inayoathirika zaidi ni ligamenti ya msalaba ya mbele, kamba fupi iliyo katikati ya goti inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele. Kwenye matuta inakatika kwa njia mbili zinazofanana mzizi. Ya kwanza: mchezaji anatua kutoka kwenye mruko akiwa ameegemea nyuma, mikia ya skii inagusa kwanza, skii inapiga chini, na sehemu ya nyuma ya buti inausukuma mfupa wa chini mbele. Ya pili: anapoteza mizani, makalio yanashuka chini ya magoti, uzito wote unalalia mkia wa skii moja, nao unageuka kuwa wenzo unaolisokota goti. Kishikizo huenda kisiachie, kwa kuwa hakikutengenezwa kuhisi msokoto wa namna hiyo. Njia zote mbili huanza na kosa lilelile, kukaa nyuma, na mtu hukaa nyuma pale tuta linapomfikia kabla miguu haijawa tayari.

Waliokata ligamenti hiyo au kuchana meniska, ile mito miwili yenye umbo la mwezi mchanga kati ya mifupa, wastani wa karibu nusu yao huwa na osteoathraitisi miaka 10 hadi 20 baadaye. Hesabu hapo. Mtu aliyeumia akiwa na miaka 22 anaweza kuwa na goti la kizee kabla hajafika 42, hata kama upasuaji ulikwenda vizuri na alirudi mashindanoni.

Na yule ambaye hakuwahi kuumia, akizeeka je? Kwake kinachotangulia kuondoka ni msuli. Baada ya miaka 30 mwili hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya 60. Zinazopungua zaidi ni nyuzi za haraka, zilezile zinazotakiwa kwenye matuta. Nguvu ya kusimama kutoka kwenye kiti unaweza kubaki nayo ukiwa mzee kabisa. Wepesi wa kukunja na kunyoosha miguu mara tatu kwa sekunde ni habari nyingine.

Angalia maana yake mlimani. Mchezaji bora huenda mita 10 hivi kwa sekunde, na matuta ya mashindano hupishana kwa takribani mita tatu na nusu. Mguu ukichelewa kwa sehemu 5 tu za mia za sekunde, tuta limekwisha kusogea nusu mita chini yake. Anayeteleza kwa starehe, kwa nusu ya kasi hiyo, anachelewa robo mita, nayo inatosha kumkuta hajakunja. Pigo ambalo paja lingelimeza sasa linagonga gegedu na meniska, ambazo nazo zimepoteza unyumbufu kwa umri. Hapo ndipo mtu husema goti limezeeka, kumbe ni paja limechelewa kazini.

Kuna mtego mwingine. Gegedu haina neva, hivyo haiumi yenyewe. Goti linapoanza kuvimba jioni baada ya kuteleza, mara nyingi shughuli imeanza zamani. Kinyume chake pia ni kweli: watu wengi waliopita miaka 50 wana michaniko ya meniska inayoonekana kwenye picha za MRI, zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, na hawana maumivu yoyote. Picha inaweza kumtia mtu hofu bure. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walilinganisha upasuaji halisi wa kupunguza meniska iliyochakaa na upasuaji wa kuigiza, mgonjwa asijue amepata upi. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana. Kwa michaniko ya namna hiyo, mazoezi ya kuimarisha paja huwa ndiyo dawa ya kwanza, na zoezi lenyewe halina fahari: kushuka ngazi moja polepole, mguu mmoja, ukihesabu hadi nne. Uzito nao una lake, maana kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Aliyewekewa goti la bandia, kama alikuwa mtelezaji mzoefu, mara nyingi huruhusiwa kurudi kwenye miteremko laini iliyolainishwa na mashine. Moguli huambiwa aziache.

Lakini wapo wenye magoti yao ya kuzaliwa na mvi kichwani ambao bado wako kwenye matuta, na ukiwatazama utaona hawapiti wanakopita vijana. Vijana hushuka kwa mstari ulionyooka, bonde kwa bonde, wenyewe wanauita mstari wa zipu. Mzee hungoja mchana jua lilainishe theluji iliyoganda usiku. Halafu hapiti mabondeni. Anatoka tuta hadi tuta, akigeukia juu kabisa kileleni. Pale juu skii inagusa theluji chini ya buti tu, ncha na mkia vinaning'inia hewani, na kuigeuza hakutaki nguvu yoyote. Anageuka, anateleza kiubavu kwenye bega la tuta huku akikwangua taratibu, anasimama, anaangalia la kufuata.