Jina jipya, TIN ileile: chama cha washauri wa kodi kinapobadili jina

Vyama vingi vya kitaaluma huanza na nembo. Bango limeshatundikwa na fulana zimeshachapwa Kariakoo, ndipo mtu anapouliza kama jina lenyewe liko huru BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na biashara. Kwa chama cha washauri wa kodi hilo ni kosa la gharama, maana risiti zake huingia kwenye vitabu vya wengine.

Kama mmesajiliwa kama kampuni yenye ukomo wa dhamana (wanachama hudhamini madeni yake hadi kiasi walichoahidi tu), tafuteni kwanza jina kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa usajili mtandaoni. Kisha mkutano mkuu upitishe azimio maalumu: taarifa ya siku 21, kura zisizopungua robo tatu. Jina liandikwe kwenye taarifa herufi kwa herufi. "Taasisi" kwenye azimio na "Chama" kwenye maombi ni majina mawili. Msajili akiridhia hutoa cheti cha kubadili jina, na mikataba, madeni na kesi zinaendelea kama zilivyo, kwa kuwa mwenye jina ni yuleyule.

Hapa ndipo watu huteleza: wanaomba TIN, yaani namba ya mlipakodi, mpya. Msithubutu. TIN ya zamani itabaki hai, ikidai ritani (taarifa za kodi) ambazo hakuna anayewasilisha, na adhabu zitarundikana kimyakimya. Pelekeni cheti TRA, mamlaka ya mapato, taarifa za TIN ileile zirekebishwe, pamoja na VRN (namba ya usajili wa VAT) kama mko kwenye VAT, halafu wakala wa EFD, mashine ya risiti za kielektroniki, abadili jina kwenye mashine. Ankara ikisema jina jipya na risiti ya EFD la zamani, mhasibu wa mteja atasitisha malipo, na ana haki. Cheti cha kodi ya zuio, ile asilimia 5 ya ada ya huduma anayoikata mteja, nacho kitatoka na jina lisilolingana na kumbukumbu zenu. Napendelea kuanza kutumia jina jipya tarehe 1 ya mwezi, ili ritani ya VAT ya mwezi mmoja isibebe majina mawili.

Nembo isajilini kama alama ya huduma: miaka 7 ya kwanza, kisha 10 kila mnapohuisha. Usajili wa Bara haufiki Zanzibar. Kule mnaomba upya BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Msiguse Ngao ya Taifa. Na kabla ya kuipitisha, ichapeni kwa wino mmoja kwa ukubwa wa mhuri, kwani mistari myembamba inayopendeza kwenye skrini huvimba na kuungana kwenye karatasi.

Benki hushughulikiwa baada ya TRA, kwa azimio na cheti. Kwa miezi michache barua na ankara zibebe maneno "zamani likiitwa" chini ya jina jipya.